Deki ya Kale, Sabufa ya Leo: Kuunganisha ni Kuokoa

Juu ya meza ya fundi mmoja wa redio na TV mjini Kahama niliwahi kukuta vitu vitatu vimepangwa pamoja: deki ya mikanda ya VHS iliyojaa vumbi jekundu kwenye matundu, sabufa mpya yenye taa za rangi, na mkanda mmoja ulioandikwa kwa mkono "Harusi 1998". Mama aliyevileta alikuwa ametokea upande wa Masumbwe. Walisalimiana na fundi kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kisha akaeleza shida yake. TV ya chogo iliyokuwa sebuleni imekufa. Wanawe wamemnunulia TV bapa na sabufa, lakini deki haina pa kuchomekwa. Na katika mkanda ule mmoja ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mumewe.

Fundi aliigeuza deki, akatazama mgongo wake, akasema: "Mayu (mama), deki yako haijafa. Imekosa mlango tu."

Kauli hiyo inatosha kubeba uchambuzi huu wote. Kote katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, Katoro na Nyarugusu, kuna nyumba ambazo sabufa imewekwa mahali pa heshima huku deki ikiwa imetupwa stoo, juu ya dari au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Je, vyombo hivi viwili vinaweza kufanya kazi pamoja? Kwa gharama na bidii kiasi gani? Na je, kazi hiyo ina maana, wakati kijana yeyote anaweza kufungua YouTube kwenye simu?

Tatizo la dunia nzima

Huko Marekani na Japani swali hili huulizwa kuhusu mashine iitwayo LaserDisc. Ni babu wa diski zote tunazozijua. Diski yake ina upana wa sentimita 30, sawa na santuri kubwa, na inang'aa pande zote mbili kama CD. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1978, ikisukumwa na kampuni za Philips na MCA, na Pioneer ndiyo iliyoibeba hadi mwisho, ilipotangaza mwaka 2009 kwamba inaacha kutengeneza mashine hizo. Upande mmoja wa diski ulibeba takribani saa moja ya filamu, hivyo mtazamaji aliinuka katikati ya filamu kwenda kuigeuza.

LaserDisc haikuota mizizi kwetu. Sisi tulipita njia ya VHS, tukaenda VCD, tukafika DVD. Lakini anayehangaika na LaserDisc huko Osaka na mama wa Masumbwe wana ugonjwa mmoja. Mashine zote hizi zilizaliwa katika zama ambazo picha ilisafiri kwa waya mmoja wenye pini ya njano, na sauti kwa nyaya mbili, nyeupe ya kushoto na nyekundu ya kulia. TV za leo zinataka HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja kwa namba. Anayeelewa jinsi ya kuvuka kutoka pini tatu za zamani kwenda HDMI ataunganisha chombo chochote cha kale, hata hiyo LaserDisc kama ingemfikia.

Deki iliingiaje kwetu

Tanzania Bara ilikaa muda mrefu bila kituo cha televisheni. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, vilipoanza vituo binafsi kama ITV. Maana yake ni kwamba kwa familia nyingi za bara zilizopata TV kabla ya hapo, TV haikuwa chombo cha kupokea matangazo. Ilikuwa dirisha la deki. Bila deki, ilikuwa sanduku lenye chenga.

Kwenye machimbo hali hiyo ilizaa biashara. Panapotokea rashi ya dhahabu, watu hukusanyika kabla ya barabara, maji na umeme. Mtu mwenye jenereta, TV ya chogo, deki na mabenchi machache alikuwa na kibanda umiza, na wachimbaji waliotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, jioni walikuwa na pa kupumzika. Humo zilichezwa filamu za Hong Kong, za Kihindi na za Marekani, na baadaye zikaja zile zilizotiwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili. Lufufu ndiye aliyejulikana kuliko wote katika kazi hiyo. Kisha zikaja filamu za nyumbani, na katika hizo mtoto wa Shinyanga alipanda juu kabisa: Steven Kanumba, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1984 na kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012. Filamu zake na za wenzake zilifika Kahama na Geita zikiwa ndani ya makasha ya diski, nyingi zikiwa na sehemu ya kwanza na ya pili.

Mwaka huohuo wa 2012, tarehe 31 Desemba, Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia na mikoa mingine ikifuata. Kila nyumba ilihitaji king'amuzi. TV nyingi za chogo zilikuwa na nafasi moja tu ya pini tatu, na king'amuzi kikaichukua. Kwa hiyo deki nyingi hazikuondolewa kwa kuharibika. Zilinyang'anywa mlango na mgeni aliyekuwa na haraka zaidi, na hapo ndipo safari ya kwenda stoo ilipoanzia.

Picha: njia tatu na makosa yake

Kabla ya kununua chochote, geuza TV bapa uitazame mgongo. Njia ya kwanza ni kutafuta tundu la njano. Likiwapo, kazi imeisha. Lisipokuwapo, tafuta tundu la kijani lililoandikwa VIDEO pembeni. TV nyingi hutumia tundu hilo kwa kazi mbili, na pini ya njano huingia humo bila tatizo. Watu wengi wameambiwa TV yao haipokei deki kwa sababu tu hawakujua kwamba njano inaweza kuingia kwenye kijani.

Njia ya pili ni tundu dogo la duara, kama la spika za masikioni, lililoandikwa AV. Hilo linahitaji waya maalumu wenye jeki ndogo upande mmoja na pini tatu upande wa pili. Hapa mtego ni mpangilio wa jeki, maana haufanani kwa watengenezaji wote. Ukichomeka ukapata mngurumo badala ya picha, usikimbilie kulaumu deki. Jaribu kubadilisha pini: chomeka nyekundu mahali pa njano, uone kama picha itatokea.

Njia ya tatu ni kisanduku cha kubadilisha AV kuwa HDMI. Ni kidogo kama kiberiti, kinatumia umeme wa USB, na maduka ya vifaa vya simu huwa nacho. Kosa la kawaida ni kununua kinachofanya kazi kinyume. Vipo vinavyotoa AV kwenda HDMI, na vipo vinavyotoa HDMI kwenda AV kwa ajili ya TV za chogo. Kwa macho vinafanana kabisa, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine. Soma mshale na maandishi: upande wa pini tatu lazima uandikwe IN, na upande wa HDMI uandikwe OUT.

Picha ikishatokea, wengi huvunjika moyo: mbona imefifia na kuvimba? Hapo hesabu inasaidia. Picha ya VCD ina nukta 352 kwa 288, yaani zaidi kidogo ya laki moja. TV ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Kwa kila nukta moja iliyomo kwenye VCD, TV inalazimika kujaza ishirini. DVD yenye nukta 720 kwa 576 iko nafuu zaidi, moja kwa tano. VHS haina nukta, lakini undani wake unakaribiana na wa VCD. TV ya chogo ilificha upungufu huo kwa udogo wake na ulaini wa mwanga wake. TV ya inchi 50 inauweka wazi.

Hali hiyo inatibika kwa sehemu. Nenda kwenye mipangilio ya TV, badilisha umbo la picha liwe 4:3, ili bibi harusi aliyekuwa mwembamba asitandazwe. Punguza ukali wa picha, kwa sababu ukali unaongeza chenga, hauongezi undani. Kisha rudisha viti nyuma. Deki kongwe kabisa, ambazo hazina pini tatu, hutoa picha kwa waya wa antena. Hizo unazitafuta kwa kuiambia TV isake chaneli za analojia.

Sauti: hapa ndipo sabufa inapopata kazi

Kwa sauti habari ni njema zaidi. Sauti ya miaka arobaini iliyopita bado inaongea lugha moja na sabufa ya leo. Pini nyekundu na nyeupe zikitoka kwenye OUT ya deki na kuingia kwenye AUX ya sabufa, muziki utasikika. Kosa la hatari ni moja: kuchukua waya wa spika kutoka kwenye amplifaya na kuuingiza kwenye AUX. Umeme wa spika ni mkubwa mara nyingi kuliko ule wa pini, na unaweza kuunguza mlango wa sabufa palepale.

Uamuzi wenyewe uko hapa: sauti ipite njia gani? Ukiipeleka moja kwa moja kutoka deki hadi sabufa, inafika papo hapo. Lakini TV bapa huichakata picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inachukua sehemu ndogo ya sekunde. Matokeo yake sauti inatangulia mdomo. Kwa muziki wa ngoma huenda usione. Kwa hotuba ya baba mzazi harusini, inaudhi. Kwa TV ya chogo tatizo hili halikuwapo.

Kwa sababu hiyo, kwa mwenye TV bapa napendekeza sauti na picha ziingie zote kwenye TV kwanza, kisha sauti itoke kwenye TV kwenda sabufa kwa jeki ya spika za masikioni au kwa mlango mwingine wa kutolea sauti. Hapo TV inavichelewesha vyote pamoja, na mdomo na sauti vinakutana. Wenye homu thieta yenye mpangilio wa kuchelewesha sauti wanaweza kuutumia badala yake. Wenye TV yenye mpangilio wa michezo ya kompyuta wauwashe, maana unapunguza muda wa kuchakata picha.

Jambo la pili ni spika tano. Muuzaji atakuambia homu thieta itaizunguka sebule kwa sauti. Ni kweli kwa DVD ambayo filamu yake ilirekodiwa hivyo, mradi deki ya DVD iunganishwe kwa waya wa kidijitali na mipangilio yake ya sauti iwekwe RAW badala ya PCM. Kwa VHS na VCD, kilichorekodiwa ni sauti mbili tu, kushoto na kulia, na mikanda mingi ya harusi ina moja tu. Spika tano zitarudia kile kilichomo kwenye mbili. Usilipe fedha ya ziada kwa ajili ya kusikiliza mkanda wa zamani kwa spika tano. Lipa kwa spika mbili nzuri na besi isiyonguruma.

Na ukisikia upande mmoja tu, angalia pini zote mbili kabla ya kukata tamaa. VCD nyingi kutoka Hong Kong ziliwekwa lugha moja kushoto na nyingine kulia, na za karaoke zilitenganisha sauti ya mwimbaji na muziki. Aliyechomeka pini moja amesikia nusu ya kazi.

Umeme na vumbi, maadui wa ukanda huu

Ushauri mwingi wa vyombo hivi umeandikwa kwa nyumba zenye umeme tulivu na hewa safi. Kwetu hali ni nyingine. Umeme wetu ni volti 230. Mashine za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinahitaji volti 100, na za Marekani 120. Soma kibati cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kama pameandikwa 100V pekee, bila transfoma ya kushusha mashine hiyo inaweza kuungua mara moja, na fundi hataweza kukurudishia.

Kwenye kambi za uchimbaji zinazotumia sola, tazama inveta. Inveta za bei ya chini hutoa umeme wenye pembe kali, na deki yenye transfoma ya zamani hupata joto na kutia mngurumo kwenye spika. Mngurumo wa aina hiyo pia hutokea pale waya wa sauti unapolala sambamba na waya wa umeme. Utenganishe, uone tofauti.

Vumbi ni shauri lingine. Vumbi la barabara na la karasha za mawe ni laini kuliko unga, na huingia kila mahali. Kwenye deki ya diski hukaa juu ya lenzi, diski ikaanza kurukaruka. Kwenye deki ya mkanda hukaa kwenye kichwa kinachosoma picha, skrini ikajaa chenga. Kabla ya kusema deki imekufa, msafishaji mwenye mkono mwepesi apanguse kichwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti safi, akipitisha upande kwa upande, kamwe si juu na chini, kwa sababu ncha zake huvunjika. Na mkanda ukionekana na ukungu mweupe kwenye kidirisha chake, usiuchezeshe. Ukungu huo utahamia kwenye deki na kuuambukiza kila mkanda utakaofuata.

Hoja ya wanaosema acha

Wapo wanaosema kazi hii yote ni bure. Filamu za Kanumba ziko mtandaoni. Waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala na Ngelela wanasikilizwa kwenye simu kijijini. Kwa nini mtu ahangaike na pini na vumbi?

Kwa filamu za dukani nakubaliana nao. Mwenye kasha la DVD la filamu inayopatikana kwingine, asiuze mbuzi ili aiunganishe. Lakini stoo zetu zimejaa kitu kingine. Kuna harusi, misiba, ubatizo, mahafali ya shule za msingi, na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yaliyorekodiwa na mpiga video wa mjini aliyekodiwa kwa siku moja. Humo mna wazee wakiongea Kisukuma ambacho vijana wa Katoro leo hawakijui vizuri. Mna mitaa ya Geita kabla haijawa makao makuu ya mkoa mwaka 2012. Vitu hivyo haviko YouTube, na mara nyingi nakala ni moja tu duniani.

Na muda umekwisha kuwa mfupi. Mwaka 2019, UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, zilitoa tahadhari kwamba baada ya mwaka 2025 itakuwa vigumu mno kuokoa yaliyomo kwenye mikanda ya sumaku, kwa sababu mikanda inaoza na mashine zinakwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Kila deki inayouzwa kama chuma chakavu leo inapunguza idadi ya funguo zilizobaki.

Uamuzi

Baada ya kupima pande zote, msimamo wangu ni huu. Kuunganisha deki ya kale na sabufa ya leo kunawezekana karibu kila mara, kwa kifaa kimoja au viwili vya bei ndogo, na hakuhitaji fundi mkubwa. Usitarajie picha ya kisasa. Tarajia sauti nzuri na picha inayotazamika. Lakini kuunganisha kusiwe mwisho wa safari. Siku mkanda unapocheza vizuri ndiyo siku ya kuunakili, maana huenda usicheze tena. Kifaa cha USB cha kunasa video kikiingia kwenye kompyuta mpakato, pini zilezile tatu zinazokwenda kwenye TV zinaweza kwenda humo. Weka nakala mbili kwenye nyumba mbili tofauti, kwa sababu flashi nayo hufa bila kuaga.

Mama wa Masumbwe alionyeshwa mkanda wake palepale mezani, kwa kisanduku cha HDMI na sabufa yake mwenyewe. Mumewe alipoanza kuongea, alimwomba fundi apunguze besi ili asikie maneno. Kisha akaketi, akasikiliza hadi mwisho, akaagiza nakala mbili.

Kama nyumbani kwenu kuna mkanda au diski ya aina hiyo, itoe stoo wiki hii. Kabla hata hujatafuta waya, keti na mzee mmoja wa ukoo, muulize walioko humo ni akina nani, na uyaandike majina yao juu ya kasha. Waya utanunuliwa hata mwakani. Anayewajua wote kwa majina hatakuwapo daima.